Kemikali za Kuua Bakteria Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuzichagua, Kuzitumia na Kuziacha

Siku hizi maneno "huua bakteria" yameandikwa kwenye sabuni ya mche, sabuni ya maji, dawa ya meno, poda, vitambaa vya kupangusia, bodi za kukatia mboga na hata soksi. Mnunuzi akiyaona huamini kwamba amepata kinga ya ziada kwa familia yake, na mara nyingi hulipia zaidi kwa imani hiyo. Mwongozo huu una msimamo, na ni vizuri uujue mapema: sehemu kubwa ya usafi wa nyumbani hufanywa na sabuni ya kawaida, maji na kusugua. Kemikali ya kuua vijidudu ina siku yake na mahali pake, na siku hiyo ikifika lazima itumike sawasawa, kwa sababu ikitumiwa ovyo humdhuru mtu kabla haijamdhuru bakteria.

Hatua ya 1: Toa kila kitu kabatini usome lebo

Kusanya mahali pamoja vitu vyote vya usafi vilivyomo nyumbani: vya bafuni, vya jikoni, vya chooni, vya kufulia na vile vilivyosahaulika chini ya sinki. Vigawe kwa jinsi vinavyotumika. Weka upande mmoja vinavyogusa ngozi au kinywa, upande mwingine vya sakafuni, mezani na chooni, kisha tenga vitu vilivyotiwa kemikali kiwandani, kama sponji, mashuka na soksi zinazodaiwa kuzuia bakteria.

Halafu tafuta kwenye lebo jina la kiambato kinachofanya kazi. Utakayokutana nayo sana ni triklosani, triklokabani, benzalkoniamu kloraidi, kloroksilenoli, klorheksidini, hipokloraiti ya sodiamu, haidrojeni peroksaidi, na alkoholi za aina mbili, ethanoli na isopropanoli. Lebo nyingi hutumia tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo k yetu inaweza kuwa c au ch na irabu ya mwisho isiwepo. Yasome kwa sauti, utayatambua.

Soma pia asilimia ya kiambato hicho, muda ambao dawa inatakiwa kukaa kabla ya kupanguswa, maonyo, na tarehe ya kuisha nguvu. Chupa isiyo na lebo, au iliyojazwa dawa kutoka mahali pengine na hakuna anayekumbuka ni dawa gani, iondoe kwenye matumizi leo hii.

Ukifika kwenye dai la "huua asilimia 99.9", simama kidogo. Kipimo hicho hufanyika maabara, juu ya aina maalumu za bakteria, kwenye sehemu iliyotayarishwa, kwa muda uliopangwa. Meza ya jikoni yenye mafuta ya kupikia, iliyopanguswa kwa sekunde tatu, haifanani na maabara. Isitoshe, mahali penye bakteria milioni 1, asilimia 0.1 iliyobaki ni bakteria 1,000, na kwenye chakula kilichoachwa mahali pa joto hao huongezeka upesi. Kumbuka pia kwamba mafua ya kawaida, homa ya mafua na magonjwa mengi ya kuhara ya watoto huletwa na virusi. Bidhaa iliyothibitishwa kuua bakteria peke yake haijaahidi chochote kuhusu virusi.

Hatua ya 2: Anza na sabuni ya mikono

Hapa ndipo mabadiliko yaliyo rahisi kuliko yote yalipo, na ndipo ushahidi ulipo mwingi.

Mwezi Septemba 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa uamuzi kwamba sabuni za kunawa na za kuogea za matumizi ya kawaida zisiuzwe tena zikiwa na viambato 19, vikiwemo triklosani na triklokabani. Watengenezaji walikuwa wamepewa nafasi ya kuonyesha mambo mawili: kwamba viambato hivyo ni salama vikitumiwa kila siku kwa miaka mingi, na kwamba vinamkinga mtu na ugonjwa kuliko sabuni ya kawaida na maji. Ushahidi wa kutosha haukuletwa. Uamuzi huo haukugusa bidhaa za hospitalini wala vitakasa mikono, na viambato vitatu, benzalkoniamu kloraidi, benzethoniamu kloraidi na kloroksilenoli, viliachwa kando ili vichunguzwe zaidi. Ndiyo maana sabuni nyingi zilizokuwa na triklosani zilirudi sokoni zikiwa na benzalkoniamu kloraidi, huku maneno yaleyale makubwa yakibaki mbele ya chupa.

Utafiti uliofanyika Karachi, Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet, unastahili kujulikana na kila mzazi. Familia za mitaa ya kipato cha chini zilipewa sabuni na kuhimizwa kunawa mikono. Kundi moja lilipata sabuni yenye triklokabani, jingine sabuni ya kawaida, na kundi la tatu liliendelea na maisha yake kama kawaida. Katika nyumba zilizopata sabuni, nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa karibu nusu, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 nako vivyo hivyo. Kati ya sabuni ya kemikali na sabuni ya kawaida hapakuonekana tofauti ya maana. Kilichookoa watoto ni kunawa.

Sababu yake inaeleweka. Molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaoshika mafuta na mwingine unaoshika maji. Unaposugua mikono, hung'oa mafuta, uchafu na vijidudu kwa pamoja, na maji huvibeba. Virusi vyenye utando wa mafuta, kama vile vya homa ya mafua na korona, huvunjwavunjwa na sabuni hiyohiyo. Triklosani iliyo ndani ya sabuni huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ule ambao mtu huutumia kwenye bomba, na huoshwa na kwenda zake kabla haijafanya kazi ya maana.

Kwenda zake ndiyo sehemu ya pili ya tatizo. Uchunguzi uliofanyika Marekani mwaka 1999 na 2000 katika vijito 139 ulikuta triklosani miongoni mwa kemikali zilizojitokeza mara nyingi zaidi. Inapopigwa na jua majini, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali za jamii ya dioksini, jamii inayojulikana kwa sumu. Mwilini nako huingia: mwaka 2003 na 2004, watafiti wa afya wa serikali ya Marekani walipima mkojo wa zaidi ya watu 2,500 na kuikuta kwa karibu robo tatu yao. Kuikuta kwenye mkojo hakumaanishi kwamba watu hao waliugua. Lakini katika majaribio ya wanyama imeonekana kuvuruga homoni za tezi ya shingo, na hilo linatosha kutufanya tuiulize bidhaa faida yake kwanza.

Liko pia suala la usugu. Mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha kwamba triklosani huua bakteria kwa kuziba kimeng'enya kimoja (protini inayoendesha kazi ndani ya seli) kinachotumika kutengeneza mafuta ya ukuta wao, na kwamba bakteria wakibadilika kidogo mahali hapo huistahimili. Isoniazidi, dawa ya miaka mingi ya kifua kikuu, hulenga kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Bakteria wengine hujifunza kuisukuma kemikali nje ya seli kwa pampu, na pampu hiyo husukuma nje pia baadhi ya antibiotiki. Mwaka 2017 zaidi ya wanasayansi na madaktari 200 walitia saini tamko la kutaka triklosani na triklokabani zitumike tu pale penye faida ya kiafya iliyothibitishwa.

Kwa hiyo fanya hivi: sabuni ya mikono na ya kuogea ikiisha, nunua ya kawaida isiyodai kuua kitu chochote. Nawa kwa maji yanayotiririka, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde zisizopungua 20, suuza, kausha. Kukausha watu hukudharau, na hawapaswi, kwa sababu mkono wenye maji hupokea na kupitisha vijidudu kwa urahisi zaidi kuliko mkavu.

Dawa ya meno ni habari tofauti kidogo. Triklosani kwenye dawa ya meno ilionyesha kupunguza ugonjwa wa fizi, na kwa sababu hiyo Marekani iliiruhusu mwaka 1997. Hata hivyo bidhaa kubwa iliyokuwa nayo ilibadilishwa mwaka 2019 na triklosani ikaondolewa. Kama dawa yako bado inayo na daktari wa meno hakukuelekeza uitumie, ya floraidi ya kawaida inatosha.

Hatua ya 3: Amua ni lini hasa unahitaji kuua vijidudu

Nyumba yenye watu wazima wenye afya haihitaji dawa ya kuua vijidudu sakafuni kila siku. Maji, sabuni na kitambaa safi vinatosha sebuleni na chumbani.

Siku za dawa ni hizi. Mtu ametapika au anahara. Damu imemwagika. Umekata kuku mbichi au nyama mbichi na majimaji yake yamegusa meza, bodi au sinki. Mtu wa nyumbani ana ugonjwa wa kuambukiza, na vitasa, swichi, bomba na choo vinashikwa na wote. Yuko mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano anayetibiwa saratani, au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Maji ya mafuriko au ya choo yameingia ndani. Katika hali hizi usione aibu kutumia dawa, na uitumie kwa kipimo kamili.

Bodi, soksi na vyombo vilivyotiwa kemikali kiwandani, mara nyingi madini ya fedha, havibadilishi orodha hiyo. Kemikali ile huwekwa zaidi kuzuia harufu na ukungu kwenye kitu chenyewe. Bodi ya namna hiyo ikikatiwa kuku mbichi itaoshwa kama bodi nyingine yoyote, na fedha iliyo kwenye soksi hutoka kidogo kidogo kila inapofuliwa.

Hatua ya 4: Safisha kwanza, ndipo uue

Kosa linalopoteza dawa nyingi ni kuimwaga juu ya uchafu. Klorini humalizwa na uchafu wenyewe kabla haijamfikia bakteria, na dawa nyingine hukwama juu ya mafuta. Ondoa kinachoonekana kwa karatasi au kitambaa, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake dawa.

Kusuuza sabuni kuna sababu ya pekee kwa dawa za benzalkoniamu kloraidi. Molekuli zake zina chaji chanya, na za sabuni ya kawaida zina chaji hasi. Zikikutana hushikana, na dawa hupoteza nguvu. Anayetia dawa ya aina hiyo kwenye ndoo yenye sabuni akitumaini kupata faida mbili huishia kukosa hata ile moja ya kuua vijidudu. Pamba nayo huivuta dawa hii na kuishikilia, hivyo kitambaa cha pamba kilichokaa muda mrefu ndani ya ndoo hurudisha mezani dawa dhaifu.

Kisha subiri. Lebo ikisema dakika 10, sehemu ile ibaki na unyevu kwa dakika 10, na ikikauka mapema iongezwe. Kupuliza na kupangusa papo hapo ni kusafisha tu, tena kwa kemikali ya bei kubwa.

Hatua ya 5: Changanya dawa ya klorini kwa hesabu

Dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, ina hipokloraiti ya sodiamu. Kwa shughuli za dharura nyumbani naipendekeza kuliko nyingine zote: inaua bakteria na virusi vingi, hata vile vigumu vya kutapisha na kuharisha ambavyo alkoholi huvishindwa, na mabaki yake huvunjika upesi. Udhaifu wake ni kwamba haisamehi makosa.

Nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa, kwa hiyo kipimo cha jirani yako huenda si chako. Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua asilimia iliyo kwenye lebo, gawanya kwa asilimia unayoitaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa.

Kwa vitasa, meza na sakafu ya kawaida lenga asilimia 0.1. Dawa ya asilimia 5: 5 gawanya kwa 0.1 ni 50, toa 1 ni 49. Hiyo ni mililita 20 za dawa na mililita 980 za maji, upate lita moja. Dawa ya asilimia 3.5 huhitaji sehemu 34 za maji, yaani kama mililita 29 za dawa kwa kila lita moja ya mchanganyiko.

Kwa damu iliyomwagika, matapishi na kinyesi lenga asilimia 0.5. Dawa ya asilimia 5 itachukua sehemu 9 za maji, ya asilimia 3.5 itachukua sehemu 6.

Tumia maji baridi, maana ya moto huivunja klorini na kutoa mvuke mwingi. Tia maji kwanza kwenye ndoo, kisha dawa, ili isikurukie usoni. Vaa glavu za mpira na nguo ambayo huijali. Fungua dirisha. Changanya ya kutosha siku moja tu, kwa sababu mchanganyiko hupoteza nguvu haraka, na hata dawa iliyo ndani ya chupa hudhoofika kwa mwanga, joto na muda. Iache mahali pale dakika 10. Kama ni sehemu ya kuandalia chakula au kitu ambacho mtoto hutia mdomoni, suuza kwa maji safi baadaye. Usiitumie kwenye chuma kinachoshika kutu, na usiimwage kwa wingi kwenye choo cha tangi la maji machafu, kwani huua bakteria wanaoozesha uchafu humo.

Kuosha matunda, kuoga au kusukutua kwa dawa hii ya kufulia ni hatari. Kutibu maji ya kunywa ni shughuli tofauti yenye bidhaa zake na vipimo vyake, na dawa iliyotiwa manukato au rangi haifai kabisa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Tumia dawa nyingine kwa kazi zake

Kitakasa mikono ni cha pale ambapo maji na sabuni havipo. Alkoholi iwe asilimia 60 au zaidi. Fomula za Shirika la Afya Duniani zina ethanoli asilimia 80 au isopropanoli asilimia 75. Alkoholi tupu haishindi ya asilimia 70 au 80, maana maji husaidia kuharibu protini za kijidudu. Paka ya kutosha kulowesha mikono yote, sugua hadi ikauke yenyewe, na usikaribie moto kabla haijakauka. Mikono yenye tope au mafuta haisafishiki hivyo, na dawa za kuua wadudu haziondoki. Jihadhari na bidhaa zisizojulikana zilikotoka: kuanzia Juni 2020 FDA ilitoa maonyo mfululizo kuhusu vitakasa mikono vilivyokutwa na methanoli, ambayo mtu akiinywa hupofuka au kufa, na hupenya hata kwenye ngozi.

Benzalkoniamu kloraidi ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za kupuliza na vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia. Ni ya zamani. Mwanasayansi wa Kijerumani Gerhard Domagk aliitambulisha mwaka 1935. Kwa meza na vifaa visivyovumilia klorini inafaa, mradi ungoje muda wake. Hubaki juu ya kitu baada ya kukauka, kwa hiyo midoli ya watoto na meza ya kulia isuuzwe. Vitambaa vya kupangusia meza visitumike kumfutia mtoto mikono wala makalio.

Kloroksilenoli ni ile dawa ya kahawia yenye harufu kali inayogeuza maji kuwa meupe. Harufu yake imezoeleka kuwa harufu ya usafi, na hapo ndipo watu hujisahau. Bila kuchanganywa na maji huunguza ngozi, na ikimezwa huweza kumlegeza mtu fahamu na kuingia mapafuni. Mwenye paka awe mwangalifu zaidi, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuondoa kemikali za jamii ya fenoli, naye hulamba miguu kila anapokanyaga sakafu yenye unyevu. Benzalkoniamu kloraidi nayo humtoa vidonda mdomoni kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 7: Usichanganye dawa mbili, hata kidogo

Klorini na asidi hutoa gesi ya klorini. Asidi hapa ni dawa ya kung'arisha choo, siki, ndimu na dawa ya kuondoa kutu. Klorini na amonia hutoa gesi za kloramini, na amonia imo katika baadhi ya dawa za vioo na katika mkojo, hivyo choo kisichomwagiwa maji na ndoo ya nepi zilizolowa visuuzwe kabla klorini haijaingia. Klorini na alkoholi hutengeneza kemikali zenye sumu, kloroformu ikiwemo. Haidrojeni peroksaidi na siki hutoa asidi ya perasetiki, inayounguza macho na njia ya hewa.

Bafu dogo lililofungwa ndiyo mahali pabaya zaidi pa kukosea, na watu wengi hukosea kwa nia njema: choo hakijang'aa kwa dawa ya kwanza, wanaongeza ya pili juu yake. Ukitaka kubadili dawa, mwaga maji mengi, ngoja, fungua dirisha, na ikiwezekana iache ya pili hadi siku nyingine.

Hatua ya 8: Linda pumzi

Kemikali iliyo salama kwenye ngozi inaweza kuwa sumu kali mapafuni. Hakuna tukio linaloonyesha hilo kwa uchungu kama la Korea Kusini. Tangu mwaka 1994 ziliuzwa huko dawa za kutiwa kwenye maji ya mashine za kuongeza unyevu wa hewa chumbani, ili mashine isiote vijidudu. Kemikali iliyotumika sana iliitwa poliheksamethilini guanidini. Mashine iliigeuza kuwa ukungu laini, na ukungu ukavutwa usiku kucha na watoto wachanga na wanawake wajawazito. Mwaka 2011, madaktari wa Seoul walipoona wajawazito na waliotoka kujifungua wakifika na mapafu yaliyoharibika vibaya, uchunguzi uliifikia dawa hiyo, na ikaondolewa sokoni. Familia zilizoinunua zilikuwa zimeamini kwamba zinawalinda watoto wao.

Kwa hiyo dawa ya kuua vijidudu isiwekwe kwenye kifaa chochote kinachotoa mvuke au ukungu. Ya kupuliza ipulizie kwenye kitambaa, kwa karibu, ndipo upanguse. Usiipulize hewani wala juu ya mito na vitanda. Wafanyakazi wa usafi wanaovuta benzalkoniamu kloraidi na klorini mara kwa mara wameonekana kupata pumu zaidi, na mwenye pumu tayari hubanwa upesi. Yeye apewe kazi nyingine, na arudi chumbani baada ya hewa kupita.

Hatua ya 9: Mwili usitendewe kama sakafu

Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida pembeni yake, kikaushe, kifunike. Haidrojeni peroksaidi na dawa kali zinazochoma huua pia seli zinazojenga ngozi mpya. Kuchoma kwake si dalili ya kupona. Kidonda kirefu, cha kuumwa na mnyama au chenye uchafu uliozama ni cha kupelekwa hospitali.

Ukeni hapahitaji dawa yoyote. Mna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi inayozuia maambukizi, na kujisafisha ndani kwa dawa za kuua vijidudu huwaondoa na kufungua mlango kwa maambukizi yenye harufu, yaleyale ambayo mwanamke alikuwa akiyakimbia. Maji ya uvuguvugu nje yanatosha.

Maji ya kuogea mtoto mchanga yasitiwe dawa. Ngozi yake ni nyembamba na hupitisha kemikali kwa urahisi. Mwaka 1972 nchini Ufaransa, poda ya watoto ilitoka kiwandani na zaidi ya asilimia 6 ya heksaklorofini kwa makosa, na watoto 36 wakafa. Mwaka huohuo Marekani iliiondoa kemikali hiyo kwenye bidhaa za kununuliwa bila cheti cha daktari. Klorheksidini inayopewa wazazi kwa ajili ya kitovu cha mtoto ipakwe kitovuni tu, na chupa yake iwekwe mbali kabisa na dawa za macho, kwa kuwa imewahi kutiwa machoni kwa kukosea na kuwapofusha watu. Ya kusukutua hufanya kazi nzuri kwenye fizi, lakini hubadili rangi ya meno ikitumiwa kwa muda mrefu, kwa hiyo fuata siku alizokuandikia daktari wa meno.

Mikono ikianza kukauka, kuwasha na kupasuka, punguza dawa na paka mafuta. Ngozi iliyopasuka hupitisha bakteria ambao ungewazuia.

Hatua ya 10: Hifadhi, tupa, na ujue la kufanya ajali ikitokea

Dawa ibaki kwenye chupa yake ya asili, imefungwa, juu, mbali na watoto. Kamwe usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui tofauti, na mtu mzima mwenye kiu usiku naye hajui. Weka mbali dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi ili zikivuja zisikutane. Chupa tupu isitumike kuhifadhi chakula wala maji ya kunywa. Usimwage dawa iliyoisha muda mtoni au kwenye mtaro wa mvua. Fuata maelekezo ya lebo au ya idara ya taka ya eneo lako.

Mtu akimeza dawa, usimtapishe, kwa sababu inayounguza ikishuka huunguza tena ikipanda, na inaweza kuingia mapafuni. Usijaribu kuizima kwa siki au ndimu. Msafishe mdomo kwa maji, piga simu kituo cha sumu au hospitali mara moja, na uende na chupa yenyewe, maana tiba hutegemea kiambato na nguvu yake. Ikiingia jichoni, fungua kope na utiririshe maji safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, kisha nenda ukaonwe hata kama maumivu yametulia. Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na suuza kwa maji mengi.

Mtu akivuta gesi, mtoe nje kwenye hewa safi kabla ya kufikiria kusafisha kilichomwagika, na wewe usirudi ndani kwa kuziba pua. Akiwa na kikohozi kisichokoma, kifua kubana au pumzi fupi, apelekwe hospitali. Hata anayesema amepata nafuu aangaliwe usiku kucha, kwa kuwa mapafu yaliyoguswa na klorini yanaweza kuanza kujaa majimaji saa kadhaa baadaye.